MZEE KARUME NA AMANA YA KLABU

Ifikapo tarehe 7 Aprili ya kila mwaka, Taifa letu humkumbuka marehemu Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Jamhuri ya Muungano, aliyeuawa siku hiyo mwaka 1972 katika makao makuu ya Afro-Shirazi Party pale Kisiwandui. Hitma husomwa, mashada huwekwa juu ya kaburi lake, na maisha yake husimuliwa tangu ubaharia hadi uongozi wa nchi. Hata hivyo, upo upande mmoja wa maisha hayo ambao kwa kawaida hutajwa kwa haraka na kupitwa, nao ni upande wa kandanda.

Leo twapenda kuueleza upande huo. Tunaandika haya tukiwa Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, Mkoa wa Singida, mahali ambapo vijana na wazee wamekuwa wakijadili kwa hamu kubwa mwanzo wa klabu changa ya kulipwa iliyopewa jina la mkoa wao. Wanauliza klabu hiyo ni ya nani. Wanauliza pia kitabaki nini siku mwenye fedha atakapochoka au kuhama. Ndugu zetu wa Visiwani watayatambua maswali hayo mara moja, kwa kuwa ndiyo yaliyowakabili vijana wa Ng'ambo ya Unguja katika miaka ya 1930, na Abeid Karume alikuwa mmoja wa vijana hao.

Wasifu wake rasmi wataja kuwa alizaliwa mwaka 1905 huko Mwera, katika kisiwa cha Unguja. Familia yake ilikuwa ya watu wa kawaida, na skuli hakukaa muda mrefu. Angali kijana alichukua kazi ya ubaharia, akasafiri kwa miaka mingi katika meli za shehena na za abiria, akaziona bandari za mataifa mengi na hali za wafanyakazi wa mataifa hayo. Yeyote aliyepata kuishi katika meli ajua kwamba kazi ya humo haina nafasi ya mtu mmoja kujiona. Anayechochea makaa chini na anayeshika usukani juu wanategemeana, na chombo kikizama huzama na wote. Hatuna shaka kwamba mafunzo hayo yalimkaa moyoni, kwa sababu kila alichokigusa baadaye alikigusa kwa njia ya kukusanya watu.

Aliporejea na kutulia Unguja alishika kazi ya mashua za kupakia na kuteremsha abiria bandarini. Zama hizo meli kubwa zilitia nanga mbali na gati, na abiria walichukuliwa kwa vyombo vidogo. Wenye vyombo hivyo waligombania abiria, wakashushiana nauli, na mwisho wa siku wote wakarudi nyumbani na kidogo. Karume alikuwa miongoni mwa walioona upungufu huo. Aliwaunganisha wenzake katika ushirika mmoja wa mashua za injini, wakapanga zamu na kugawana mapato. Jambo hilo laonekana dogo mbele ya mambo makubwa yaliyofuata. Lakini kwa mtu wa Ng'ambo ambaye serikali ya kikoloni haikumpa sauti katika jambo lolote, kupanga zamu na kushika hesabu ya fedha za watu kulikuwa ni kujifunza kutawala.

Sasa tuje kwenye mpira. Kandanda iliingia Unguja mwishoni mwa karne ya 19, ikiletwa na Waingereza waliofanya kazi katika kampuni ya simu za baharini, na ikachezwa pia na wanafunzi wa skuli za misheni pale Kiungani. Haikuchukua muda ikatoka mikononi mwa wageni. Kufikia miaka ya 1920 vijana wa mitaa ya Ng'ambo, watoto wa wachukuzi, mafundi, mabaharia na wapishi, walikuwa na timu zao wenyewe, na viwanja vya Mnazi Mmoja, katikati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, vilijaa watazamaji nyakati za jioni. Kutoka Mji Mkongwe walikuja watu waliozoea kutii na kutiiwa kwa rangi na kabila. Kwa muda wa dakika 90 utii huo ulisimama, kwani mpira haumuulizi mtu ukoo wake. Serikali ya kikoloni iliupenda mchezo huo kwa kudhani kuwa utawafundisha wananchi nidhamu ya kumfuata mwamuzi wa Kizungu. Wananchi nao waliupenda kwa sababu zao.

Katika hali hiyo ndipo ilipokuwapo African Sports Club ya Unguja, ambayo msomaji asiichanganye na klabu ya Tanga yenye jina linalofanana. Karume alikuwa miongoni mwa wachezaji na watu wa shughuli wa klabu hiyo. Tukitaka kuielewa klabu ya namna ile yatupasa kusahau kwanza klabu za leo zenye mabasi, makocha wa kigeni na mikataba ya matangazo. Mpira mmoja ulinunuliwa kwa michango ya watu wengi. Jezi zilifuliwa nyumbani. Aliyetaka kuwa mwanachama alilipa kiingilio na ada, jina lake likaandikwa daftarini, na kwa sababu hiyo alikuwa na haki ya kusimama mkutanoni na kuuliza fedha yake imekwenda wapi. Palikuwa na mwenyekiti, katibu na mshika fedha, na wote walichaguliwa kwa kura.

Wananchi wengi wa Ng'ambo walipiga kura kwa mara ya kwanza maishani mwao katika vyama vya namna hii, vya mpira, vya ngoma na vya kuzikana, miaka mingi kabla ya serikali ya kikoloni kuwaruhusu kupiga kura ya kumchagua mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Waliosoma kidogo waliandika, na wasiosoma walisema. Aliyefanya ubadhirifu hakupelekwa kwa Mzungu. Alikabiliwa na wenzake barazani, mbele ya watu anaokutana nao sokoni na msikitini kila siku, na aibu hiyo ilikuwa nzito kuliko faini.

Mwaka 1934 iliundwa African Association ya Zanzibar, na watu wa klabu za michezo ndio hao hao waliokuwamo katika chama hicho kipya. Hapakuwa na ukuta baina ya kiwanja na ukumbi wa mkutano. Mtu aliyeaminiwa kutunza fedha za timu aliaminiwa pia kutunza fedha za chama. Karume alipanda kwa njia hiyo. Hakuwa na shahada, hakuwa na ukoo wa kujivunia mbele ya wakubwa wa wakati ule, na Kiingereza chake kilikuwa cha bandarini. Alichokuwa nacho ni kujulikana na watu kwa kazi walizozifanya pamoja. Akapata kuwa diwani wa mji, akawa Rais wa African Association, na tarehe 5 Februari 1957 chama hicho kilipoungana na Shirazi Association, yeye ndiye aliyeongoza umoja uliozaliwa, ambao baadaye uliitwa Afro-Shirazi Party. Katika uchaguzi wa Julai mwaka huo alisimama katika jimbo la Ng'ambo na kumshinda kiongozi wa Zanzibar Nationalist Party, Sheikh Ali Muhsin Barwani, msomi mwenye elimu ya chuo kikuu. Wakwezi, wakulima na wachukuzi walimpa kura mtu ambaye tayari walikuwa wamemjaribu katika mambo madogo.

Historia ya miaka iliyofuata inajulikana na wasomaji wetu, nasi hatuna haja ya kuirefusha. Mapinduzi yalifanyika tarehe 12 Januari 1964, na Muungano wa Tanganyika na Zanzibar tarehe 26 Aprili mwaka huo huo. Ardhi ilifanywa mali ya umma na kugawiwa wakulima eka tatu tatu. Elimu ilitangazwa kuwa ya bure Septemba 1964. Nyumba mpya zilianza kujengwa Kikwajuni, na kisha Michenzani, mahali pa vibanda vya Ng'ambo. Na mwaka 1970 ulifunguliwa uwanja wa Amaan, uliojengwa kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China. Waliowahi kuchangia fedha ya kununua mpira mmoja sasa walikuwa na uwanja wa kuchukua maelfu ya watu.

Msimulizi wa haki hana budi kutaja na upande wa pili. Miaka 8 ya utawala wa Mzee Karume ilikuwa pia miaka ya kamata kamata, ya watu kuwekwa kizuizini bila ya kufikishwa mbele ya mahakama za kawaida, na ya wengine kupotea. Chakula kilipungua madukani hali ya kuwa fedha za karafuu zilikuwa benki. Baraza la kuchaguliwa na wananchi halikuwapo Visiwani hadi Baraza la Wawakilishi lilipoundwa mwaka 1980. Zipo familia Unguja, Pemba na ng'ambo ya bahari ambazo kwazo tarehe 7 Aprili haina maana moja. Twayasema haya bila ya kutaka kumpunguzia marehemu heshima yake, kwa sababu yanahusiana moja kwa moja na somo la klabu. Katika ile klabu ya miaka ya 1930, mwanachama aliweza kusimama na kumhoji kiongozi. Katika nchi ya miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970, kuhoji kulikuwa kumekuwa jambo la hatari. Chombo kilichojengwa kwa maswali ya wanachama kilifika mahali pa kuongozwa bila ya maswali, na hasara yake iliwafikia hata waliokuwa karibu na nahodha.

Mapenzi yake kwa kandanda hayakuishia Visiwani. Klabu ya Young Africans ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikazaliwa mshindani wake ambaye kwa muda mrefu alijulikana kwa jina la Kiingereza la Sunderland. Wazee wa Yanga wamekuwa wakisimulia jinsi Mzee Karume alivyowasaidia katika ujenzi wa makao yao makuu ya Jangwani. Na wazee wa upande wa pili wamekuwa wakisimulia jinsi alivyowahimiza kuachana na jina la mji wa Uingereza na kutafuta jina la kwao, na mwaka 1971 Sunderland ikawa Simba. Katika mambo hayo mawili twamuona yule yule mtu wa African Sports. Alijua kwamba klabu isiyo na mahali pake pa kukutania ni kama chama kisicho na baraza, hutawanyika upepo ukivuma. Na alijua kwamba jina ni mali. Wenye kuitwa kwa jina la watu wengine hawawezi kujivunia ushindi wao hadi mwisho.

Tarehe 7 Aprili 1972, jioni, Mzee Karume alikuwa Kisiwandui akicheza bao pamoja na wenzake, kama alivyozoea. Risasi zilimkuta katika baraza. Akazikwa hapo hapo. Madaraka ya Serikali yalichukuliwa na Ndugu Aboud Jumbe. Na zile klabu zilizopata msaada wake zilifanyaje? Ziliendelea. Yanga haikufa kwa kufa kwa mfadhili, kwa sababu jengo lilikuwa la wanachama wala si lake. Ni kweli kwamba miaka michache baadaye iliingia katika mgogoro mkubwa wa uongozi, na mwaka 1976 waliojitenga wakaanzisha Pan African, kwani manahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini hata waliojitenga hawakuweza kuondoka na Jangwani mfukoni. Walikwenda kuanza upya, na klabu mama ikabaki pale ilipo.

Tarehe 5 Februari 1977, miaka 20 kamili tangu kuanzishwa kwa chama alichokiongoza marehemu, Afro-Shirazi na TANU viliungana kuwa Chama Cha Mapinduzi. Chama, serikali, jengo na klabu vyote vilimzidi umri mwanadamu aliyevisimamia. Hicho ndicho kipimo cha kazi ya ujenzi.

Kwa kipimo hicho hebu tuitazame Singida. Mwaka ule ule wa 1972 ndipo ilipoanzishwa Singida United. Kwa miaka mingi ilicheza bila ya kusikika sana. Mwaka 2017 ilipanda hadi Ligi Kuu, ikapata wadhamini, ikasajili wachezaji wa nje, na mwaka 2018 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania, ambako ilifungwa na Mtibwa Sugar mabao 3 kwa 2. Mwaka 2020 ikashuka daraja. Mwaka 2022 klabu nyingine iliyokuwa ikiitwa DTB ilipanda Ligi Kuu na kuchukua jina la Singida Big Stars. Mwaka 2023 ikaitwa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 ikaondoka mkoani na kuliacha jina la Singida. Mwaka huo huo Ihefu, klabu iliyotoka Mbarali katika Mkoa wa Mbeya, ilihamia Singida na kuitwa Singida Black Stars.

Wananchi wa Visiwani wamezishuhudia klabu hizo kwa macho yao. Januari 2023 Singida Big Stars ilifika fainali ya Kombe la Mapinduzi katika uwanja wa Amaan na kufungwa na Mlandege mabao 2 kwa 1. Juni 2025 Singida Black Stars ilicheza katika uwanja huo huo, uliokwisha kufanyiwa ukarabati mkubwa, fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Yanga, ikafungwa 2 kwa 0. Watazamaji waliona jina la Singida mara mbili. Ni wachache waliokumbuka kwamba zilikuwa klabu mbili tofauti, na kwamba ile ya kwanza ilikuwa imekwisha kwenda zake.

Hatusemi haya kwa kuibeza klabu iliyopo. Imefanya vizuri. Katika msimu wake wa kwanza kwa jina jipya ilimaliza ya nne katika Ligi Kuu na kupata nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho la Afrika, na Septemba 2025 ikatwaa Kombe la Kagame jijini Dar es Salaam kwa kuifunga Al Hilal ya Sudan. Mkulima wa alizeti wa Mkalama aliyesikia habari hiyo alikuwa na haki ya kufurahi. Wala hatusemi kwamba mwenye fedha ni adui. Kandanda ya kulipwa yahitaji fedha nyingi. Kuna mishahara, usafiri wa mikoani, matibabu na kambi, na viingilio vya mlangoni havitoshi. Michango ya kununua mpira mmoja haiwezi kuilea timu ya Ligi Kuu katika zama hizi, na anayedai kwamba yawezekana hajapata kukaa na mshika fedha wa klabu.

Tunachosema ni kwamba jina la mkoa ni mali ya wananchi wa mkoa, na anayelichukua achukue pamoja na wajibu. Wasomaji wetu wa Visiwani wanajua vizuri maana ya wakfu. Mtu akiweka shamba au nyumba kuwa wakfu, mali ile haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Faida yake ndiyo hutumika kwa jambo lililokusudiwa, na msimamizi hutoa hesabu. Ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwa kazi hiyo. Klabu ya mpira si wakfu kwa maana ya sheria, na hatutaki kuchanganya mambo ya dini na mambo ya ligi. Lakini fikra iliyomo yafaa kuazimwa. Mwekezaji apate faida ya fedha yake kwa haki, awe na sauti katika uendeshaji, auze hisa zake akitaka. Jina, rangi, timu za vijana na uwanja wa mazoezi vibaki mahali pake, mikononi mwa watu ambao hawatahama.

Nchi yetu imekwisha kuanza njia hiyo. Simba ilipoingia katika mfumo wa hisa, kanuni za michezo ziliwawekea wanachama asilimia 51 na mwekezaji asilimia 49. Kanuni hiyo ina manufaa pale ambapo wapo wanachama wa kweli, wenye kadi, matawi na mikutano, kama walivyo wa Simba na Yanga kwa sababu ya miaka yao 90. Klabu iliyofika mkoani jana haina wanachama wa namna hiyo. Ina mashabiki tu, na shabiki hana kura. Mtu wa Nduguti avaaye jezi ya Singida hakuna daftari lenye jina lake, hakuna mkutano atakaoitwa, na klabu ikihama atapata habari kwa redio kama mtu mwingine yeyote. Hapo ndipo tofauti ilipo baina yake na yule mchukuzi wa Ng'ambo aliyelipa kiingilio cha African Sports. Mchukuzi yule alikuwa maskini kuliko yeye, lakini alikuwa na klabu.

Kwa hiyo twapenda kuyaweka mambo machache mbele ya viongozi wa Serikali wanaohusika, Bara na Visiwani.

Kwanza, klabu yoyote inayoomba kutumia jina la mkoa, wilaya au kisiwa isajiliwe kwa mkataba wa maandishi unaoeleza nini kitabaki endapo itahama au kuuzwa. Mkataba huo uwekwe mahali ambapo mwananchi aweza kuusoma, na Maofisa Michezo wa mkoa na wilaya wawe na wajibu wa kuueleza.

Pili, klabu ifungue matawi yenye wanachama hadi wilayani. Tawi la Nduguti lenye watu 200 wanaolipa ada ndogo na kukutana mara moja kwa mwezi lina thamani kubwa kwa uhai wa klabu kuliko bango moja barabarani. Fedha yao haitalipa mshahara wa mchezaji hata mmoja, lakini maswali yao yatawafanya viongozi waweke vitabu sawa.

Tatu, kila klabu ya kulipwa iwe na timu za vijana zinazochukua watoto wa mkoa wenyewe. Wapo vijana Mkalama wanaocheza katika viwanja vya vumbi kila jioni, na hawatafika Ligi Kuu kwa kutazama tu. Na Visiwani, ambako klabu nyingi bado zimo mikononi mwa wanachama wa mitaa, viongozi wazitunze klabu hizo wanapotafuta wawekezaji. Wasizibomoe kwa haraka ya kuiga.

Nne, hesabu zikaguliwe na kusomwa mbele ya wanachama kila mwaka. Jambo hili halihitaji sheria mpya. Lahitaji Ofisa atakayeuliza, na akishauliza asikubali kupewa chai badala ya jibu.

Huenda wakatokea watakaosema kuwa haya ni mambo ya mpira tu, na kwamba Serikali ina kazi kubwa zaidi za maji, barabara na hospitali. Jibu tunaliona katika maisha ya marehemu. Watu waliokuja kushika hatamu za nchi mwaka 1964 hawakufundishwa uongozi katika ofisi za wakoloni. Wengi wao walijifunza kuendesha kikao, kutunza fedha za wenzao na kukubali kushindwa kwa kura katika vyama vidogo vya mitaani. Pale waliposhika mafunzo hayo walijenga, na pale walipoyaacha wananchi waliumia. Vijana wa Nduguti watakaoshika madaraka ya wilaya hii katika miaka ya 2050 wako viwanjani hivi sasa. Tukiwapa klabu ya kuishangilia tu, watajifunza kushangilia. Tukiwapa klabu yenye daftari, mkutano na kura, watajifunza kuhoji na kuhojiwa.

Mwenyezi Mungu amrehemu Mzee Abeid Amani Karume na wote waliotangulia mbele ya haki katika miaka ile, waliompenda na waliomwogopa. Nasi tunawaomba Maofisa Michezo wa Mkoa wa Singida na wenzao wa Unguja na Pemba waanze na lililo jepesi. Kabla ya msimu mpya kufunguliwa, kila klabu iulizwe orodha ya wanachama wake iko wapi, na majina yaliyomo yasomwe hadharani.